Nambari Mbili za Kiumbe Mmoja

Muhula huu wanafunzi wa Kidato cha Pili waliniuliza kama ni kweli kwamba mchezo mmoja wa zamani una mnyama wa kishetani azidishaye mali ya mchezaji. Niliwajibu kwamba shetani hayumo, imo hesabu tu. Basi naomba nafasi niieleze hesabu hiyo.

Mchezo wenyewe ni Pokémon, uliotolewa Japani mwaka 1996 kwa mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Una viumbe 151, na kila kiumbe ana nambari mbili. Moja ni ile aionayo mchezaji katika orodha: Bulbasaur ni 1, na Mew ni 151. Nyingine ni ya ndani, itumiwayo na mashine. Huko ndani Rhydon ndiye 1, Mew ni 21, na Bulbasaur ni 153! Waundaji walisema kwamba Rhydon ndiye aliyeundwa kwanza. Yaani orodha ya nje ilipangwa imfae mchezaji, wala haikufuata ile ya ndani.

Nambari ya ndani huwekwa katika baiti moja, yenye biti 8. Kwa hiyo yaweza kuwa 0 mpaka 255. Orodha ya ndani ina nafasi 190. Toa 151, zabaki 39 zisizo na kiumbe kamili. Hizo zilipewa jina MissingNo., maana yake "nambari haipo", na katika orodha ya nje zote ni 0.

Mchezaji hufikaje huko? Katika matoleo ya Kiingereza, Red na Blue, yuko mzee anayemwonyesha mchezaji jinsi ya kukamata viumbe. Wakati huo mashine hulihamisha jina la mchezaji na kuliweka mahali pa orodha ya viumbe vya porini. Mchezaji akiruka moja kwa moja mpaka kisiwa cha Cinnabar na kuogelea pwani ya mashariki, mashine haiandiki orodha mpya, bali husoma iliyobaki. Basi herufi za jina husomwa kama viumbe! A ni 128, B ni 129, na kuendelea. Herufi ya pili huwa kiwango cha nguvu, na ya tatu huwa kiumbe. Aliyejiandika ASHA ana S, yaani 146, na H, yaani 135. Nafasi ya 135 haina kiumbe.

Sasa tazameni mali inavyozidi. Kiumbe akionekana, mashine humtilia alama. Ili kupata mahali pa alama, hutoa 1 katika nambari ya nje. Lakini 0 kutoa 1, baiti haijui hasi. Huzunguka kama saa mpaka 255. Gawanya 255 kwa 8: ni 31, baki 7. Baiti za alama ni 19 tu, kwa hiyo baiti ya 31 imekwisha kupita mpaka na kuingia katika mfuko wa mchezaji, penye idadi ya kitu cha sita. Biti ya 7 ina thamani ya 128. Aliyekuwa na kitu 1 hujikuta ana 129.

Sikuyaandika haya kwa ajili ya mchezo tu. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliandika alama kwa nambari za kuandikishwa shuleni, na mwenzangu akazisoma kama nambari za mtihani. Msichana mmoja aliyefaulu vizuri akapeleka nyumbani alama za mwingine, na baba yake akasema hatamlipia ada tena. Nilikwenda kwao kwa miguu, nikaomba radhi, na mtoto akarudi darasani. Rejista haikusema uongo. Kosa lilikuwa letu, tuliosoma nambari bila kuuliza ni nambari ya nini.

Nanyi wazazi, ripoti ikiwashangaza, njoni mwulize kabla ya kumwadhibu mtoto.

Zoezi: Mchezaji amejiandika JUMA. Atakutana na kiumbe wa nambari gani ya ndani, na kiwango chake ni kipi? Nileteeni majibu kabla ya kufunga shule, pamoja na njia mliyoitumia.