SOMO LA AFYA: MAANDIKO YALIYOHAKIKIWA NA UPASUAJI WA MIFUPA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba elimu ya upasuaji wa mifupa haiishii chuoni. Tiba hubadilika, na daktari wa kisiwani hana budi kuyafuatilia mabadiliko hayo. Njia mojawapo ni maandiko ya kwenye intaneti, mradi yawe yamehakikiwa. Yaani yamesomwa na kukosolewa na mabingwa wengine wa fani hiyo kabla ya kutolewa.

Mfano ni mvunjiko wa mfupa wa muundi wenye jeraha wazi. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba jeraha hilo sharti lisafishwe katika chumba cha upasuaji ndani ya saa 6. Uchunguzi wa baadaye haukuuthibitisha mpaka huo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulielekeza dawa za kuua bakteria zitolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 1 tangu kuumia. Jeraha lililochafuka sana lisafishwe mara moja. Lisilochafuka sana, lakini limetokana na kishindo kikubwa, ndani ya saa 12. Na mengineyo ndani ya saa 24. Anayetegemea kitabu cha zamani pekee aweza kukimbilia kisu na kuchelewesha dawa, na usaha ukaingia mfupani.

Taasisi ya AO, iliyoasisiwa Uswisi mwaka 1958, hutoa bila malipo mafunzo yenye michoro, tangu kuutambua mvunjiko na kumlaza mgonjwa, hadi kuunga mfupa na uangalizi wa baadaye.

Msomaji wa maandiko hayo azingatie yafuatayo:

(a) Nani ameandika, nani amehakiki, na lini yalirekebishwa mara ya mwisho.

(b) Iwapo vifaa vinavyotajwa vipo. Mbinu inayotegemea eksirei wakati wa upasuaji isijaribiwe pasipo mashine hiyo.

(c) Michoro haifundishi mkono. Mbinu mpya ifanywe kwanza chini ya usimamizi wa bingwa.

Aidha, wananchi waelewe kwamba saa hiyo 1 huanza kuhesabiwa pale pale penye ajali. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, mguu ufungwe banzi usitikisike, usikandwe wala kuvutwa, na majeruhi afikishwe hospitali bila kukawia. Elimu ya daktari haitamfaa mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani.