Swali la Kwanza la Mzazi

Mafungu ya kujifunza: 2 Wafalme 6:1–7, Kutoka 21:28, 29, Kumbukumbu la Torati 22:8, Zekaria 8:5, Wakolosai 3:21.

Soma 2 Wafalme 6:1–7. Wana wa manabii walikuwa Yordani wakikata miti ya kujengea makao mapya, kwa sababu ya zamani hayakuwatosha. Chuma cha shoka la mmoja wao kikachomoka na kuzama majini. Kilichomliza ni kwamba shoka halikuwa lake, aliliazima. Ili kuona uzito wa kilio hicho, rudi sura mbili nyuma, 2 Wafalme 4:1. Hapo mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamweleza Elisha kwamba mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Deni halikuwa jambo la mzaha.

Elisha hakumuuliza kwa nini hakukaza mpini. Hakumuuliza ni nani aliyemtuma kuazima kitu ambacho hawezi kukilipa. Aliuliza mahali kilipoangukia. Tena chuma kilipoelea, hakukiokota yeye. Alimwambia aliyekipoteza anyooshe mkono akichukue mwenyewe.

*Kitu kinapovunjika nyumbani kwako, swali la kwanza linalokutoka kinywani ni lipi?*

Bajaji kwenye mteremko

Chukua mfano ambao washiriki wa Kipawa hawatashindwa kuuona. Nyumba zimebanana, uwanja wa ndege uko upande mmoja, na watoto wanacheza vichochoroni katikati ya ndoo, majiko na vyombo vya watu vya kazi. Baba mmoja anaendesha bajaji ya mkataba. Kila jioni hesabu ya mwenye chombo lazima ipatikane. Mchana amekuja kula. Ameiegesha mbele ya nyumba, penye mteremko mdogo kuelekea mtaroni. Mwanawe wa miaka minane anapanda kiti cha mbele, mdogo wake wa kike anakaa nyuma kama abiria. Mtoto anaunguruma kwa mdomo, anazungusha usukani, anaachia breki ya mkono. Bajaji inabingirika, inaingia mtaroni, kioo cha mbele kinapasuka.

Baba anatoka mbio akipiga kelele, "Kioo cha watu!" Mama mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akichambua mchele barazani, naye ameinuka. "Baba, tazama watoto kwanza," anamwambia. "Hao ndio wako."

Watoto ni wazima. Lakini mkono wa baba tayari uko juu.

Swali analopaswa kujiuliza wakati huo ni hili: kama bajaji isingebingirika, angefanya nini? Huenda angecheka na kumwita mama mtu aje amwone dereva mpya. Kitendo cha mtoto ni kilekile. Kilichobadilika ni bei. Basi anayepigwa hapa hapigwi kwa sababu ya kosa lake. Anapigwa kwa sababu ya kioo. Na mchezo wenyewe ulikuwa nini, kama si mtoto kutaka kufanana na baba yake?

Je, alionywa?

Soma Kutoka 21:28, 29. Torati haikuhukumu madhara yote kwa kipimo kimoja. Ng'ombe akiua mtu, waamuzi walitazama kama mwenyewe alikuwa ameonywa kabla. Aliyeonywa akapuuza alikuwa na hatia ambayo yule asiyejua hakuwa nayo. Mzazi naye anahitaji kutenganisha mambo hayo. Ikiwa mtoto alikatazwa jana kupanda bajaji, upo uasi, nao unahitaji kurekebishwa hata kama hakuna kilichovunjika. Ikiwa hakukatazwa, hiyo ni ajali ya mtoto.

Kisha soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Aliyejenga nyumba aliagizwa kuzungushia dari lake ukingo, ili mtu asianguke. Wajibu uliwekwa juu ya mwenye nyumba. Ni nani aliyeegesha penye mteremko, mahali watoto wanapocheza, bila hata jiwe chini ya tairi? Wazazi wengi hawalipendi swali hili, na huenda ndiyo sababu mkono huwa mwepesi kuliko fikra.

Darasani hatakosekana mtu wa kuitaja Mithali 13:24. Fungu hilo lisikwepwe. Linasema juu ya mzazi anayempenda mwana na kumrudi mapema. Halisemi juu ya mtu anayelipiza hasara. Roho ya Unabii imeonya mara nyingi kwamba mzazi asimrudi mtoto akiwa na hasira. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inataka marekebisho ya mtoto yalingane na umri na hali yake. Na Paulo, katika Wakolosai 3:21, anataja matokeo ambayo hayaonekani siku hiyohiyo: mtoto kukata tamaa. Kioo hupatikana dukani.

Hii haina maana kwamba mtoto aachwe aende zake kucheza. Kumbuka nani aliyeokota chuma. Mtoto wa miaka minane anaweza kufagia vipande akiwa amevaa viatu, baba akiwa kando yake. Anaweza kuambiwa kwa lugha nyepesi kwamba hesabu ya siku kadhaa itakwenda kwenye kioo. Jioni hiyohiyo baba ataongoza ibada ya nyumbani, na watoto watamsikia akimwomba Mungu awaachilie deni zao.

Soma Zekaria 8:5. Mungu alipotaka kuwaonyesha watu wake Yerusalemu uliopona, hakuanza na majengo. Aliwaonyesha wazee wameketi njiani, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia za mji.

Maswali ya kujadili

Katika mtaa wenu watoto wanachezea wapi? Kanisa lenu lina uwanja. Je, geti hufunguliwa siku za katikati ya juma, au linafungwa ili maua yasikanyagwe?

Baba wa Kipawa lazima aende kumweleza mwenye bajaji. Atasema nini, na je, aende na mtoto?