Gari Likigoma: Tuutambue Ugonjwa wa Injini

Wengi wetu tumewahi kushushwa kwenye matatu ili tuisukume, huku makanga akipaaza sauti, "Haya, moja, mbili, tatu!" Gari likiwaka, safari huendelea, na hakuna anayejua lilikuwa likiugua nini. Katika makala haya ningependa tujadiliane kuhusu magonjwa ya injini na dalili zake. Wakati wa likizo mimi humsaidia mjomba wangu katika gereji ya jua kali, na mengi ya haya nimeyapata nikimpokeza spana.

Yafaa kwanza tufahamu injini inahitaji nini. Injini ya petroli ya mipigo minne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliiunda mwaka wa 1876, ingali inafuata mpango ule ule: huvuta hewa na petroli, huvigandamiza, cheche ya plagi huviwasha, kisha moshi hutolewa nje. Basi mahitaji ni matatu: mchanganyiko wa hewa na petroli, mgandamizo, na cheche inayotokea kwa wakati ufaao. Likikosekana moja, gari haliwaki. Injini ya dizeli haitumii cheche. Hewa hugandamizwa mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta. Fundi hodari huanza kwa kujiuliza ni lipi limekosekana, kabla hajagusa spana.

Gari likikataa kuwaka

Washa swichi usikilize. Ukisikia "tk!" moja tu, kisha kimya, na taa zikafifia, shuku betri. Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Ikiwa na moto wa kutosha, mita huonyesha kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Lakini usikimbilie dukani. Tazama kwanza vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme usipite. Nilimwona mwenye gari mmoja aliyekuwa ameuziwa betri mpya, na wiki ile ile gari likagoma tena. Mjomba alizifungua nyaya, akazisugua kwa msasa, akazikaza, likawaka mara moja. Pesa za betri zilikuwa zimeshakwenda.

Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, betri haina hatia. Tafuta petroli na cheche. Je, tangini mna petroli? Msicheke, geji nayo hudanganya! Je, pampu yasikika swichi inapowashwa? Katika magari ya zamani yenye kabureta, taka huziba vijitundu vyake. Magari ya siku hizi yana kompyuta, na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka mashine akasoma nambari ya hitilafu. Hata hivyo, nambari hiyo huonyesha tu mahali pa kuanzia kutafuta. Anayebadilisha vifaa kwa kufuata nambari pekee huenda akabadilisha kizima akaacha kibovu.

Gari likichemsha

Hapa ndipo watu huumia, kwa hivyo nawasihi msome polepole. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria huchemka huko kwa nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta huzuia presha ndani ili maji yastahimili joto kali bila kuchemka. Ukikifungua injini ingali moto, presha hushuka ghafla, maji hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Kitambaa mkononi si kinga. Zima injini, ungoje nusu saa au zaidi mpaka ipoe kabisa. Wala usiimwagie maji baridi ikiwa moto, maana chuma chaweza kupasuka. Ikishapoa, tazama: mpira wavuja? Mkanda umekatika? Feni yazunguka?

Moshi una lugha yake

Moshi mweusi wamaanisha petroli imezidi hewa. Kagua kwanza chujio la hewa. Moshi wa buluu wamaanisha injini inakula oili, pengine ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe asubuhi ya baridi kule Limuru ni mvuke tu na hutoweka upesi. Ukiendelea hata baada ya injini kupata joto, na oili ikafanana na chai ya maziwa, gaskiti ya hedi imeungua na maji yanaingia yasikotakiwa.

Kuna taa moja isiyohitaji mjadala: ile nyekundu yenye picha ya birika la oili. Ikiwaka mkiwa safarini, simamisheni gari mahali salama na kuzima injini papo hapo. Chuma kikisuguana na chuma bila oili, injini hunoki kwa dakika chache, na gharama yake yaweza kumfilisi mtu.

Wapo wanaodai kwamba mambo ya ufundi hayaelezeki kwa Kiswahili. Mbona gerejini yanaelezwa kutwa, na magari yanapona? Mwenye kuujua ugonjwa hauziwi dawa asiyoihitaji. Basi tusikilize, tutazame, tunuse, ndipo tufungue mfuko. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.