Kukwama na Kukwamua: Kitenzi katika Maelekezo ya Ufundi wa Injini Ndogo, Thika na Ruiru

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi na teknolojia si mgeni. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania likaanzishwa mwaka 1967, na mnamo 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mchango huo una thamani kubwa. Hata hivyo, mwenye kupekua orodha za istilahi ataona kwamba vidahizo vyake aghalabu ni nomino. Sisi wanafunzi nasi tumerithi mazoea hayo: tukisikia "istilahi" tunawaza majina ya vitu.

Makala hii inadai kwamba katika maelekezo ya ufundi mzigo mzito zaidi hubebwa na kitenzi, na kwamba kauli ya kutendua humpa fundi taarifa ambayo jina la kifaa haliwezi kumpa. Mfano tutakaoutumia ni mmoja, nao ni mdogo: kutoa silivu iliyokwama katika injini ya kigari cha mfano kinachotumia mafuta yenye nitro.

Kosa lenyewe

Mfano huu ulitokana na kosa langu mwenyewe. Jirani yangu huko Ruiru alikuwa na kigari cha rimoti kilichokaa kabatini muda mrefu. Alipokitoa, injini ilikuwa ngumu kabisa. Fundi mmoja wa pikipiki mjini Thika alikubali kuifungua, ila aliomba maelekezo yake ya Kiingereza aandikiwe kwa Kiswahili. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Nilitumia jioni nzima nikitafuta jina la lile bomba jembamba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kamusi za lugha mbili zilinipa "mkono", yaani mkono wa shati. Nikawaza "mkono wa silinda" na kucheka peke yangu. Nikafikiria "ala", kwa kuwa pistoni huingia mle kama kisu kinavyoingia alani. Mwishowe nikaandika "silivu", neno analolitumia fundi mwenyewe kila siku. Nilipofikia kitenzi sikusita hata dakika moja. Niliandika: "Ng'oa silivu."

Fundi aling'oa. Alipitisha bisibisi katika tundu la ekzosi, akagonga kwa nyundo ndogo. Silivu ilitoka, lakini ukingo wa tundu ulikuwa umemeguka na ukuta wa ndani umechanika mstari mrefu. Nilipomtazama akanijibu bila hasira: "Mwalimu, karatasi yako ilisema ning'oe. Nimeng'oa."

Hali ya kifaa

Ili kosa hilo lieleweke, yafaa tueleze kifaa kwa ufupi. Injini za pikipiki za bodaboda aghalabu zina mjazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150. Injini ya kigari kile ilikuwa na 3.5. Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, ambayo mara nyingi huwa na mafuta ya mbarika, yaani nyonyo. Mafuta ya mbarika hulinda chuma vizuri kwenye joto kali, lakini yakiachwa ndani ya injini hukauka na kuwa utando mgumu wa rangi ya kahawia, mithili ya vanishi.

Silivu ya injini nyingi za aina hiyo ni ya shaba nyeupe ya manjano, ile tuiitayo brasi, iliyopakwa kromu kwa ndani. Nayo huketi ndani ya bloku ya alumini. Metali hizi mbili hazitanuki sawasawa zikipashwa moto. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi, alumini hutanuka takriban sehemu 23 katika milioni, brasi takriban 19. Kwa silivu yenye kipenyo cha milimita 20, kupandisha joto kwa digrii 130 huacha nafasi ya ziada ya takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo mno kwa jicho, ila kwa utando wa mbarika uliokwisha kulainishwa na joto hilohilo yatosha.

Vitenzi vya hali na vitenzi vya tendo

Fundi huanza kwa kusema hali, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao tafsiri yangu iliupuuza. Injini isiyozunguka yaweza kuwa imebana, imeganda, imekwama au imeshika. Maneno haya si visawe.

Kubana si ugonjwa hata kidogo. Silivu za brasi hutengenezwa zikiwa nyembamba kidogo upande wa juu, hivyo injini nzima na baridi hubana pistoni inapofika kileleni. Asiyejua hilo hufungua injini isiyo na kasoro. Kuganda ni kushikwa na mafuta yaliyokauka. Kukwama ni kuzuiwa na umbo, kwa mfano silivu inapotoka ikiwa imeenda upande. Kushika ni jambo baya kuliko yote: metali zimekwanguana kwa joto hadi zikaumana.

Sasa tutazame kauli ya kutendua, inayoundwa kwa kiambishi -u- au -o- kwa kufuata upatanifu wa irabu: funga–fungua, ziba–zibua, chomeka–chomoa. Kwa mujibu wa utaratibu huo, kilichoganda hugandulika na kilichokwama hukwamulika. Kila kimojawapo cha vitenzi hivi hubeba ndani yake habari ya jinsi kitu kilivyofungika, na hivyo humdokezea fundi dawa. Kugandua kunaita joto. Kukwamua kunaita kurudi nyuma kidogo, kunyoosha, kisha kuendelea. Kuchomoa kunaeleza kitu kilichochomekwa kwa mkono na kinachotoka kwa kufuata njia ileile.

Kitenzi "ng'oa" kina umbo la kutendua, lakini katika Kiswahili cha leo hakina jozi yake. Hatusemi kitu "kiling'eka" kabla ya kung'olewa. Kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu kilichokishika kitu. Husema nguvu tu, kama ya jino au kisiki. Nacho "shika" hakina *shikua. Fundi akishasema "imeshika" anakosa kinyume chake, na nadhani ndiyo sababu "ng'oa" humjia haraka ulimini. Kwa hali hiyo ya mwisho hakosei sana, maana silivu iliyoumana na pistoni imeharibika tayari.

Ieleweke kwamba dhana hii si ngeni kwa mafundi wa Thika na Ruiru ambao wengi wao ni wazungumzaji wa Gĩkũyũ. Lugha hiyo ina jozi kama hinga–hingũra, funga na fungua, na oha–ohora, funga kwa kamba na fungua kamba. Mwandishi wa maelekezo hapaswi kumfundisha fundi unyambuaji huo. Anapaswa kuutumia.

Maelekezo yaliyoandikwa upya

Jirani yangu alinunua injini nyingine iliyotumika, nayo pia ilikuwa imeganda. Safari hii niliketi na fundi karakanani kabla ya kuandika, akawa ananisahihisha. Karatasi ilisomeka hivi:

"Mwaga mafuta yote na uiache injini ikauke, maana methanoli huwaka kwa mwali usioonekana vyema mchana. Fungua kabureta, plagi, hedi na bamba la nyuma. Toa kila kilicho cha mpira au plastiki. Tia alama silivu na bloku zinapokutana, ili matundu yarudi mahali pake. Gandua silivu kwa kupasha bloku moto katika oveni hadi digrii 150, usitumie mwali. Vaa glavu. Shusha pistoni hadi chini, penyeza katika tundu la ekzosi ncha ya utepe wa plastiki wa kufungia nyaya, kisha zungusha shafti polepole. Pistoni itasukuma utepe, nao utainua silivu. Ikienda upande, irudishe, inyooshe, ikwamue. Ikikataa, usiilazimishe, pasha moto tena. Ikishainuka, ichomoe kwa vidole."

Oveni ilikuwa ya mama mmoja anayeoka keki jirani na karakana, na ilibidi tumsihi sana. Silivu iliinuka mara ya pili ya kupashwa moto. Fundi aliichomoa, akaifuta utando wa kahawia kwa kitambaa chenye methanoli, akaisogeza kwenye mwanga na kuizungusha. Haikuwa na mkwaruzo. Kisha akachukua kalamu, na pale nilipoandika "polepole" akaongeza neno hilo mara ya pili.