SOMO LETU: MSWADA SI SHERIA

Ndugu wafanyakazi vijana,

Ninyi mnaochunguza mambo ya Bunge kwa ajili ya matawi yenu, anzeni na kosa letu sisi wazee. Mwezi wa Februari 2019 Bunge la Uganda lilipitisha Mswada wa Kima cha Chini cha Mshahara. Kima kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Habari ilipofika hapa Budondo, tuliwaambia wenzetu kwamba mambo yamekwisha. Watu walifurahi. Siku ya mshahara ilipofika, bahasha ilikuwa ileile. Tuliulizwa sababu, nasi hatukuwa na jibu.

Jibu ni hili. Mswada una safari. Husomwa Bungeni mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati. Mambo ya kazi huenda kwa Kamati ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Hapo ndipo hata chama cha wafanyakazi huweza kutoa maoni yake. Ukirudi, husomwa mara ya pili na wabunge hujadili shabaha yake. Halafu hupitiwa kifungu kwa kifungu, ndipo husomwa mara ya tatu na kupitishwa.

Hata hivyo bado si sheria. Huenda kwa Rais, naye kwa Katiba ya 1995 ana siku 30: atie sahihi, aurudishe, au akatae. Mswada ule wa 2019 Rais hakuutia sahihi.

Je, Bunge haliwezi kitu tena? Laweza. Rais akiurudisha mara mbili, na Bunge likaupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, huwa sheria bila sahihi yake. Lakini wabunge wa wafanyakazi ni 5 tu. Hao wengine lazima tuwatafute sisi wenyewe, maana wao pia huja vijijini kwetu kuomba kura.

Basi ndugu, msihesabu makofi. Kila mswada uulizieni mambo matatu: Umefika hatua gani? Uko mikononi mwa nani? Mbunge wetu alisema nini? Hili la tatu litafuteni katika Hansard, ambamo maneno ya wabunge huandikwa. Andikeni na tarehe. Mkishajua, ndipo mwende kuwaambia wafanyakazi. Sisi tulisema kabla ya kujua.