Msongo wa Mawazo na Matibabu ya Ugumba kwa Mwanamke

Mwanamke anayetafuta mtoto, awe Msangano wilayani Momba au kwingineko nchini, husikia ushauri mmoja mara nyingi: apunguze mawazo, mimba itaingia yenyewe. Husemwa na mama mkwe, na majirani, na wakati mwingine hata na sisi watoa huduma. Je, una ukweli kiasi gani kwa mwanamke ambaye tayari yuko kwenye matibabu?

Msingi wake wa kifiziolojia upo. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa kwa midundo homoni inayoiamuru tezi ya pituitari kuziamsha ovari. Msongo mkali, hasa ukiambatana na njaa au kukonda sana, waweza kuidhoofisha midundo hiyo, mayai yasipevuke na hedhi ikakoma. Lakini mwanamke wa hali hiyo hutambulika kwa hedhi yake. Yule apataye hedhi kwa mpangilio, kwa kawaida mayai yake hupevuka, na kumwambia kuwa mawazo ndiyo yaliyomfunga uzazi ni kuliacha tatizo lake halisi bila kuchunguzwa. Katika nchi zetu tatizo hilo mara nyingi ni mirija iliyoziba kutokana na magonjwa ya zinaa, au maambukizi yaliyofuata uzazi au mimba kuharibika. Tena, katika takribani nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, mume ana mchango wake.

Mwaka 2011 Jacky Boivin na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti 14 zenye jumla ya wanawake 3,583 waliotibiwa kwa teknolojia ya uzazi saidizi. Waliokuwa na huzuni na wasiwasi mwingi kabla ya mzunguko wa matibabu hawakutofautiana na wenzao katika kupata mimba. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo, katika jarida la Human Reproduction, uliona uhusiano, ila mdogo. Kwa maoni yangu, hakuna daktari mwenye haki ya kumwambia mgonjwa kuwa matibabu yameshindwa kwa sababu alilia.

Madhara ya wasiwasi hupita njia nyingine: mgonjwa huacha matibabu. Anayetoka Msangano kwenda Vwawa, pengine hadi Mbeya, hubeba zaidi ya nauli. Hubeba swali la nani amwambie safari ni ya nini, na hofu ya kurudi mikono mitupu nyumbani ambako mke wa pili ameshaanza kutajwa. Mizunguko miwili ikishindwa, wengi hawarudi, ingawa nafasi ya kufanikiwa bado ipo. Dawa zenyewe huongeza uzito. Klomifeni, inayotumiwa sana kupevusha mayai, yaweza kubadili hisia za mtumiaji. Asipoelezwa mapema, hudhani anarukwa na akili.

Kwa mtoa huduma, hojaji ya GAD-7 yenye maswali 7 hukamilika kwa dakika chache. Alama ni 0 hadi 21, na anayefikia 10 ahitaji kupimwa kwa kina. Aulizwe akiwa peke yake, na aulizwe pia kama anapigwa au anatishiwa kufukuzwa. Ikiwa tayari anatumia dawa za magonjwa ya akili, zitazamwe: haloperidoli, klopromazini na risperidoni huweza kupandisha homoni ya prolaktini na kuzuia mayai kupevuka. Hata hivyo asiziache mwenyewe; tabibu ndiye atakayeamua kuzibadili.

Nawe mama usomaye haya, huna wajibu wa kuwa mchangamfu ili mimba ishike. Ukiwa umewekewa kiinitete na unasubiri kipimo kwa takribani siku 14, fanya kazi zako za kawaida, mweleze mtu mmoja unayemwamini, na wasiwasi ukikukosesha usingizi au chakula, rudi kliniki kabla ya siku ya miadi.

Mzigo huu hupungua sana mume anapokuja naye siku ya kwanza. Kipimo cha shahawa hakina maumivu, na kifanywe kabla ya mke kupelekwa kupigwa picha ya mirija. Mume aelezwe kujizuia siku 2 hadi 7, na sampuli ichunguzwe maabara ndani ya saa 1.