Mume wangu anataka nisomee moyo, mimi nataka viungo

Mimi ni daktari, nina miaka 31, na niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya tiba ya ndani jijini Nairobi. Nimezaliwa Kimuka, kaunti ya Kajiado, nimeolewa Kitengela. Kaunti ilinipa ruhusa ya masomo na mshahara bado unaingia.

Nikimaliza nataka kusomea rumatolojia, yaani maradhi ya viungo kama baridi yabisi, lupasi na jongo. Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema nitabaki kukanda magoti ya wazee. Tuna mkopo wa sacco wa ploti, na kwake yeye daktari wa moyo au wa figo ndiye anayefungua kliniki na kulipa madeni. Baba, aliyeuza ng'ombe ili nisome, anauliza kwa nini sipasui watu kama madaktari wengine.

Kisha kuna kufundisha. Wanafunzi hunifuata baada ya raundi, nami hukaa nao kando ya kitanda mpaka jioni. Silipwi chochote. Daktari bingwa mmoja aliniambia kufundisha ni kazi ya walioshindwa kutibu.

Kilichonivuta kwenye viungo ni mama mkubwa wangu wa Kimuka. Kwa miaka minne alitibiwa brusela, leo hapa, kesho pale. Siku nilipomtazama mikono mimi mwenyewe, vidole vilikuwa vimekwisha kupinda. Nifanye nini, shangazi?

Daktari wa Kimuka

Mwanangu, somea viungo. Na huko kufundisha usikuweke kando kama kitu cha kujifurahisha jioni, kwa sababu kwa watu wa kwenu ndiko kutakuwa nusu ya matibabu yenyewe.

Tumtazame mama mkubwa kwanza. Aliyemtibu brusela hakuwa mjinga. Kajiado ni nchi ya mifugo, maziwa mabichi bado yananywewa, na brusela ipo kweli: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo na viungo kuuma. Taabu iko kwenye kipimo cha haraka ambacho zahanati nyingi zimekuwa zikikitegemea. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo hicho huwapa wengi jibu la kuwa wanaugua hali hawana brusela. Basi mama analalamika viungo, anapimwa, karatasi inasema brusela, anapewa dozi, anarudi nyumbani. Baada ya miezi michache yuko pale pale kwenye benchi, na kipimo ni kile kile. Tabibu ameandika kilichosemwa na karatasi.

Kilichokosekana ni swali. Mama mwenye baridi yabisi huamka vidole vimekaza. Alfajiri hawezi kukama, chuchu ya ng'ombe haishikiki, anamwita binti amsaidie. Ikifika saa nne asubuhi mikono imelegea na anafua nguo kama kawaida, kwa hiyo mchana akifika zahanati haonekani mgonjwa. Ukimuuliza, "Asubuhi vidole vinakaza kwa muda gani?" atakwambia saa nzima au zaidi. Ukimshika kiganja na kukibana taratibu kwa ubavu, pale kwenye mafundo ya vidole, atavuta mkono kabla hujamaliza. Ni dakika mbili, bila umeme wala mashine. Wewe unayajua haya vizuri kuliko mimi. Nayaandika ili mumeo, akisoma gazeti hili, ajue unachotaka kusomea.

Sasa, nani atamuuliza mama huyo swali hilo? Si wewe, mwanangu, hata ukisoma ukamaliza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika Kajiado. Mabingwa wa viungo nchini Kenya ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Mama wa Kimuka akitumwa hospitali ya rufaa ya kaunti anazunguka Ngong, Kiserian na Isinya ndipo ashike njia ya Kajiado mjini. Nauli hiyo haitoi mpaka awe amezidiwa. Nayo baridi yabisi haingoji: mfupa huanza kuliwa mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na ulioliwa haurudi. Kwa hiyo anayeweza kuokoa vidole ni tabibu au muuguzi wa zahanati ya karibu, yule aliyemwona mama mwezi wa pili wa ugonjwa. Na huyo atauliza swali ikiwa tu kuna mtu aliyemfundisha kuuliza.

Waliokutangulia waliliona hili. Katika muongo wa 2010, madaktari wa Kenya, akiwemo Profesa Omondi Oyoo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walishirikiana na wenzao wa Ulaya katika mradi ulioitwa UWEZO. Waliwafunza kwanza wakufunzi Wakenya, kisha wakufunzi hao wakawafunza wahudumu wa afya nje ya Nairobi jinsi ya kuchunguza viungo na kumtambua mgonjwa wa kupelekwa mbele upesi. Wangeweza kujifungia kliniki, maana wagonjwa hawakosekani. Walitoka kwenda kufundisha. Yule bingwa aliyekwambia kufundisha ni kwa walioshindwa, mheshimu kwa elimu yake, lakini neno hilo mwachie mwenyewe.

Ninapoona kazi yako hasa ni hapa. Ule uchunguzi wa haraka wa viungo mnaofundishwa wodini huanza na maswali matatu: je, una maumivu au kukaza mahali popote; je, unaweza kuvaa nguo bila taabu; je, unapanda na kushuka ngazi bila shida? Ngazi zipi, Kimuka? Mwulize mama kama bado anainama kuingia mlango mfupi wa nyumba ya kinyumbani, kama anainuka kwenye kigoda bila kushikwa, kama anabeba mtungi wa lita 20. Mtu aliyezaliwa huko ndiye anayejua maswali hayo. Yaandike kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, uyajaribu na wanafunzi wako, uone wanakwama wapi.

Wafundishe na habari ya dawa. Methotreksati hunywewa mara moja kwa wiki. Mgonjwa akielewa kuwa ni kila siku, mdomo huchubuka vidonda, damu hupungua, na anaweza kufa kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kumponya. Muuguzi anayeandika jina la siku juu ya bahasha na kumwambia mama, "Jumapili, ukitoka kanisani, basi," ameokoa maisha. Kuna na prednisoloni, inayouzwa madukani kwa watu wenye maumivu kana kwamba ni pipi. Nguvu yake si uongo. Dawa za ukoo huo ziliwapatia waliozigundua Tuzo ya Nobel mwaka 1950, baada ya wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawajiwezi kuinuka na kutembea. Miaka si mingi ikaonekana gharama yake: mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, uso kuvimba. Wanafunzi wako wakitoka chuoni bila kulijua hilo, watawaandikia watu prednisoloni mwaka mzima na kushukuriwa kwa hilo.

Sasa mumeo. Simlaumu. Mkopo wa ploti ni mkopo, na kila mwisho wa mwezi unakatwa. Lakini hesabu yake ina kasoro. Madaktari wa moyo wanaotaka kufungua kliniki Nairobi ni wengi kuliko wa viungo, na penye mabingwa wachache mgonjwa hungoja miezi. Bingwa wa viungo hatakosa wagonjwa Kitengela, wala Ngong. Keti naye jioni moja, simu mkizizima, mpige hesabu ya miaka mitano: mshahara wa kaunti, karo ya masomo ya ubingwa, makato ya sacco, na siku moja au mbili za kliniki ya binafsi utakapofuzu. Usimwambie habari za wito. Mwonyeshe namba, kisha mpeleke Kimuka akasalimiane na mama mkubwa kwa mkono.

Baba yako ni rahisi zaidi. Mzee aliyeuza ng'ombe kukusomesha anamjua mnyama anayechechemea akiwa bado mbali. Mweleze kwamba unasomea kuutambua ugonjwa kabla mguu haujalemaa. Ataelewa bila kisu.

Nina onyo moja kwako wewe. Kukaa na wanafunzi mpaka jioni kila siku, kisha zamu ya usiku, kisha matatu ya Kitengela, hakutakufikisha mbali. Chagua siku mbili kwa wiki za kufundisha, uzitangaze, na siku nyingine uende nyumbani raundi ikiisha. Weka daftari: tarehe, somo, wanafunzi wangapi. Mkuu wa idara atie sahihi kila mwezi. Kazi ya bure isiyoandikwa popote husahaulika siku ya kupandishwa cheo, na wanaoumia zaidi kwa namna hii ni madaktari wanawake wanaopenda wanafunzi wao.

Na kaunti usiikimbie. Ruhusa ya masomo huja na mkataba wa kurudi kutumikia. Usome mkataba wako wote kabla ya kuomba nafasi ya masomo ya ubingwa. Utakapoandika barua ya kuomba kuongezewa muda, usiombe kama mtu anayetaka hisani. Eleza kwamba utarudi na kliniki ya viungo ya siku maalumu, na kwamba kila robo ya mwaka utakaa na matabibu na wauguzi wa zahanati za Kajiado Magharibi kwa siku moja ya mafunzo. Ambatisha lile daftari. Omba majibu kwa maandishi, na nakala ubaki nayo nyumbani.